Mkanda wa Shanga Uliomalizia Kazi ya Kiwanda

Mama anayetunga shanga mtaani Kiwanjani, mjini Isiolo, aliniwekea saa kiganjani, akanitaka niipime uzito kabla ya kuitazama. Ni saa ya mishale, ya betri, aina ile ya bei ya chini inayopangwa mezani kando ya barabara. Mkanda wake wa plastiki ulikuwa umekatika penye tundu, mahali pale pale mikanda ya aina hiyo hukatikia, na mwenyewe akaileta itengenezwe. Mama ameuondoa mkanda wote. Ameivisha saa ngozi iliyojaa shanga nyekundu, nyeusi, nyeupe na za kijani.

"Imekuwa nzito kidogo, mama," nikamwambia.

"Ndiyo, mwanangu. Lakini haidondoki tena."

Jibu hilo limenikaa moyoni. Wengi wetu tukiona mkanda wa shanga twasema ni pambo, twauliza bei, twapita. Mimi nilikaa nao muda mrefu, nikaupindua na kuupindua tena, na naamini kwa dhati kwamba mikono ya Mama imesahihisha kasoro ambazo kiwanda kiliziacha. Uzuri wa mkanda umetoka humo humo kwenye masahihisho.

Tuanzie chini, upande usioonekana. Kichwa cha saa hushikwa na pini mbili nyembamba zenye springi ndani, moja kila upande. Mkanda wa kawaida ni vipande viwili, kila kipande na pini yake. Pini moja ikichomoka, saa imeanguka, na mtu aliye nyuma ya ngamia au juu ya bodaboda hatajua imeangukia wapi. Mkanda wa Mama ni kipande kimoja kipana kinachopita chini ya kichwa cha saa. Juu yake kuna kijikanda chembamba cha ngozi kinachoingia chini ya pini ya kwanza, kikapita mgongoni mwa saa, kikatokea chini ya pini ya pili. Pini moja ikivunjika, saa huning'inia kwenye nyingine. Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilifikia jibu la namna hiyo mwaka 1973, ilipoweka kanuni ya mkanda wa nailoni unaopita chini ya saa kwa ajili ya askari wake. Nilipomsimulia Mama habari hiyo aliendelea kushona, kwa kuwa kwake jambo lenyewe liko wazi.

Ngozi hiyo ya chini ina faida nyingine. Saa nyingi za bei ya chini zina mwili wa madini ya kawaida yaliyopakwa kromu, na jasho lenye chumvi huila kromu hadi mwili ukaanza kuchubuka na kuwasha ngozi ya mkono. Ngozi ya mbuzi ikikaa katikati, jasho hufyonzwa kabla halijafika kwenye chuma.

Sasa shanga zenyewe. Ni za kioo, zile ndogo zinazopata milimita mbili hivi, na kwa miaka mingi nyingi zinazotumika Afrika Mashariki zimekuwa zikitoka Ucheki. Kioo hakipindi, na mkono una mviringo. Hapo ndipo mtunzi asiyejua kazi huumbuka. Ukizipanga shanga kwa urefu wa mkanda, kila mkanda unapokunjwa uzi wa juu huvutwa, kwa sababu upande wa nje wa mviringo ni mrefu kuliko wa ndani. Mvuto huo ukirudiwa asubuhi na jioni kwa miezi, uzi unasagwa na kingo za tundu za shanga, mwishowe unakatika na shanga zinamwagika. Mama huzipanga kwa upana. Kila mshono unatoka ukingo mmoja, unabeba safu ya shanga, unazama ukingo wa pili, kisha unarudi. Kati ya safu na safu ngozi ina nafasi ya kukunjika, kwa hiyo kila safu inafanya kazi kama pingili moja ya mkanda wa chuma. Mistari ile ya rangi inayokatiza mkono, ambayo macho huipenda kwanza, ipo kwa sababu mkono unakunjika.

Uzi ni wa nailoni. Wa pamba huoza kwa jasho.

Nje ya hapa kuna kisa kinacholingana na hiki. Kikuo Ibe, mhandisi wa Casio nchini Japani, alidondosha saa aliyopewa na babake ikavunjika. Akajipa shabaha ya saa inayohimili kuanguka mita kumi, kuhimili maji ya mgandamizo wa baa kumi, na kukaa na betri miaka kumi. Yeye na wenzake walitengeneza mifano kama 200, wakiidondosha kutoka dirisha la choo cha ghorofa ya tatu. Jibu lilimjia alipomwona mtoto akidundisha mpira: kitu kilicho katikati ya mpira hakipati kishindo. Akaishika mashine ya saa katika pointi chache tu, kama inayoelea ndani ya ganda. Saa hiyo, DW-5000C, ilitoka mwaka 1983. Lile ganda nene lenye ukingo uliochomoza kuzunguka kioo liliwekwa ili saa ikianguka kioo kisiguse ardhi. Vijana walikuja kulipenda umbo hilo baadaye.

Miaka kumi na mmoja kabla ya saa hiyo, mchoraji wa saa Gérald Genta alikuwa amechora Royal Oak ya Audemars Piguet, saa ya chuma cha pua iliyouzwa kwa bei ya dhahabu, na skrubu nane akaziacha wazi usoni. Mishono ya Mama ukingoni nayo haijafichwa. Huioni tu mpaka uitafute.

Tugeukie uso wa saa, kwa sababu hapo Kiswahili kina la kusema ambalo wachoraji wa Ulaya na Japani hawakulifikiria. Kiwanjani ni mtaa uliopakana na uwanja wa ndege wa Isiolo, na jina lenyewe linasema hivyo. Tiketi ya ndege ikiandikwa 7:00, dereva wa teksi huambiwa saa moja asubuhi. Mshale mfupi uko kwenye 7, mdomo unasema moja. Sisi tunahesabu kuanzia macheo na machweo, na tofauti ya saa sita kwenye uso wa duara ni nusu mzunguko kamili. Maana yake ni kwamba saa ya Kiswahili husomwa ng'ambo ya pili. Tazama saa ambayo mshale wake mfupi umeachiwa kijimkia nyuma ya kitovu: mshale ukionyesha 7, mkia unaelekea 1, mshale ukiwa katikati ya 7 na 8, mkia uko katikati ya 1 na 2. Mkia huo mafundi waliuweka ili kusawazisha uzito wa mshale. Kwetu ni mshale wa pili unaosema lugha ya nyumbani, bila nambari hata moja kubadilishwa.

Ndiyo maana, licha ya mapenzi yangu kwa saa za tarakimu, nasema saa ya mishale inamfaa zaidi msomaji wa Kiswahili. Casio F-91W, iliyochorwa na Ryusuke Moriai na kutoka mwaka 1989, ni kazi ya hali ya juu: gramu 21, unene wa milimita 8.5, betri ya miaka kama saba. Lakini 19:00 ikitokea kwenye kioo chake, kichwa kinalazimika kutoa hesabu. Kwenye duara hakuna hesabu, jicho linavuka tu.

Na hapa karibu na ikweta mpango wetu wa kuhesabu unasimama imara. Isiolo iko chini ya digrii moja kaskazini mwa ikweta, kwa hiyo urefu wa mchana hauchezi. Kinachocheza kidogo ni saa ya jua kuchomoza: mapema Novemba ni karibu saa kumi na mbili na dakika kumi, katikati ya Februari ni karibu saa kumi na mbili na dakika arobaini. Magharibi nayo inasogea kwa kiasi hicho hicho. Nusu saa kwa mwaka mzima! Na kwa nini macheo hayaangukii saa kumi na mbili kamili? Kwa sababu saa za Afrika Mashariki zimefungwa kwenye longitudo ya digrii 45, inayopita karibu na Mogadishu, na jua likishapita huko linahitaji kama nusu saa kufika Isiolo. Mwenye kufuturu mwezi wa Ramadhani anaijua nusu saa hiyo kwa tumbo lake.

Kutoka usoni tuingie ndani. Katika saa yetu ya bei ya chini kuna kipande cha kwatzi chenye umbo la uma, kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Nambari hiyo ni mbili iliyozidishwa kwa mbili mfululizo hadi ikatokea mara kumi na tano. Saketi huigawa kwa mbili mara kumi na tano, ikabaki mpigo mmoja kwa sekunde. Seiko ndiyo iliyouza saa ya mkononi ya kwanza ya kwatzi, Astron, tarehe 25 Desemba 1969. Leo teknolojia hiyo inapatikana kwa bei ya mlo wa watu wawili.

Kwatzi hiyo ina tabia moja inayotuhusu sana watu wa joto. Imekatwa ili iende sawasawa kwenye nyuzijoto 25 hivi. Ukiipeleka juu au chini ya hapo, inachelewa, na kuchelewa kunakua kwa mraba wa tofauti. Kwenye nyuzijoto 35 inapoteza kama theluthi ya sekunde kwa siku. Iache juu ya dashibodi ya gari mchana, ifike 45, na ikikaa hivyo inapoteza sekunde moja na zaidi kwa siku. Saa iliyofungwa mkononi hukaa karibu na joto la ngozi, ambalo hata Isiolo halipandi hivyo. Kwa hiyo mkanda unaovalika vizuri, usiowasha, usiovuliwa kila mara, unaisaidia saa kwenda sawa. Sijui mahali pengine ambapo faraja ya mvaaji na usahihi wa mashine zimefungwa kwa uzi mmoja namna hii.

Vumbi ndilo adui mkubwa. Chembe za mchanga nyingi ni kwatzi, na kwatzi ina ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs, juu ya kioo cha kawaida. Kuifuta saa kwa ncha ya shati baada ya upepo ni kuipiga msasa. Kioo cha yakuti kina ugumu wa 9 lakini bei yake haishuki hadi hapa. Cha plastiki hukwaruzika upesi zaidi, ila mikwaruzo yake husuguliwa kwa dawa ya meno ikapungua. Mama ameongeza kinga yake: safu za shanga zinazopakana na kichwa cha saa amezipandisha mara mbili, zikasimama juu kidogo kuliko kioo. Saa ikilazwa kifudifudi, shanga ndizo zinazogusa meza.

Kasoro ipo, na aliitaja mwenyewe kabla yangu. Ngozi haipendi maji. Mtu anayetia udhu mara tano kwa siku atauvua mkanda mara tano, au utaoza. Kwa wateja hao huacha ngozi, akakata ukanda kutoka kwenye plastiki laini ya mtungi, akashona shanga humo, na kifungo akaweka kimoja tu kikubwa, kinachofunguka kwa kidole gumba.

Nimeona pia mikanda ya shanga ambayo saa imegundishwa kwenye ngozi. Hupendeza siku ya kununua. Betri ikiisha, huna pa kuingilia, na saa nzima imekufa kwa kosa la gundi.

Hilo nilimuuliza Mama mwisho: fundi wa saa ataifunguaje hii kubadilisha betri? Akaivuta ncha ya kile kijikanda chembamba, kikateleza kutoka chini ya pini moja, kisha ya pili, na kichwa cha saa kikabaki mkononi mwake, mgongo wazi, hakuna uzi uliokatwa. Akakirudisha, akachukua sindano, akaendelea na mkanda wa mteja mwingine.