UHAKIKI: Nakshi si Kamusi

Muhula uliopita mwanafunzi wangu mmoja wa semiotiki aliniletea insha kuhusu tatrizi, yaani udarizi wa wanawake wa Palestina. Alikuwa ameandaa jedwali safi: mberoshi ni uhai, nyota ni Bethlehem, hirizi ni kinga. Nilimpa alama nzuri. Leo nakiri kwamba nilikosea, na makala haya yanakusudia kueleza sababu.

Tuanze na neno lenyewe. Tatrizi inatokana na mzizi uleule wa Kiarabu uliotupatia kitenzi kutarizi. Kwa hiyo jambo hili si geni kwetu kama linavyodhaniwa.

Kabla ya 1948, mwanamke wa kijijini alivaa thobu, gauni refu lililodariziwa hasa kifuani. Aliyejua kulitazama aliweza kutambua mvaaji ametoka eneo gani, ameolewa au la, na ana uwezo kiasi gani. Bethlehem ilisifika kwa mshono wa kulaza nyuzi za hariri na za madini juu ya kitambaa, ilhali vijiji vingi vya kusini vilitumia mshono wa msalaba, unaohesabiwa uzi kwa uzi.

Udhaifu wa jedwali uko hapa. Nakshi moja iliweza kuwa na jina hili katika kijiji kimoja na jina jingine katika kijiji cha pili. Aidha, katika miaka ya 1930 nyuzi za pamba za DMC kutoka Ufaransa zilienea, pamoja na vitabu vya nakshi za Ulaya. Maua ya kigeni yakaingia kifuani mwa thobu na kupata uraia, kama maneno ya mkopo yanavyopata uraia katika lugha.

Kisha ikaja 1948. Wapalestina wapatao 750,000 walipoteza makazi yao, na wanawake wa vijiji mbalimbali wakajikuta jirani katika kambi za wakimbizi. Mitindo ikachanganyika. Thobu iliyokuwa ikitaja kijiji ikaanza kutaja taifa. Wakati wa Intifada iliyoanza 1987, Israeli ilipokuwa imepiga marufuku bendera ya Palestina katika maeneo iliyoyakalia, wanawake walidarizi rangi za bendera hiyo na ramani ya nchi kwenye magauni yao. Mshono ulikuwa uleule, maana ilikuwa mpya. Mwaka 2021 UNESCO iliuingiza udarizi huu katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Huenda msomaji akasema kwamba anayeanza hana budi kupewa jedwali. Naam, kama anavyopewa orodha ya msamiati. Lakini binti aliyeketi karibu na mama yake akihesabu nyuzi hakujifunza alama tu. Alijifunza pia ipae mahali gani, kwenye vazi la nani, kwa tukio gani. Hiyo ndiyo sarufi ya vazi.

Na sisi walimu tujihoji. Mara ngapi tumemtaka mwanafunzi aeleze maana ya jina la kanga bila kumuuliza aliyeivaa ni nani, na alipita mbele ya nani?

Nimemwita tena mwanafunzi yule. Nimemwomba aliache jedwali, achague thobu moja tu, kisha aulize: ilishonwa na nani, wapi, mwaka gani, ikasomwa na nani? Nami nitaisahihisha upya.