Nyumba ya Wageni Katika Sinema ya "Psycho"

Wako watu wadhanio kwamba sinema ya kutisha ni kazi rahisi: taa zizimwe, mtu apige mayowe, damu imwagike, na watazamaji watatetemeka. Dhana hiyo haina msingi. Damu hutisha kwa kitambo kidogo tu, kisha jicho huizoea. Kitu kinachobaki moyoni baada ya sinema kwisha ni mahali palipotokea mambo yale. Ushahidi mzuri wa maneno haya ni "Psycho", sinema iliyoongozwa na Alfred Hitchcock huko Marekani na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1960. Hadithi yake ilitokana na riwaya ya Robert Bloch iliyotolewa mwaka 1959. Hapa tutaitazama kwa upande mmoja tu, yaani ile nyumba ya wageni iliyo kando ya barabara, ambayo haikuwapo popote duniani ila katika riwaya na katika uwanja wa kutengenezea sinema.

Kwanza tuikumbuke hadithi kwa ufupi. Marion Crane, karani katika mji wa Phoenix, anakabidhiwa na mwajiri wake dola 40,000 azipeleke benki. Haziweki benki. Anatoroka nazo kwa gari kuelekea California, aliko mpenzi wake ambaye madeni yamemzuia asimwoe. Usiku wa pili mvua inamzidi, anaikosa barabara kuu, na mbele yake anaona taa za nyumba ya wageni. Mwenyeji ni kijana mpole, Norman Bates, anayeshuka na mwavuli kumlaki. Nyumba ina vyumba 12, na vyote ni vitupu. Norman anampa chumba, anamletea mkate na maziwa, wanazungumza. Usiku huohuo, Marion anauawa bafuni.

Kwa nini vyumba vyote vilikuwa vitupu? Mwandishi dhaifu angalisema kwamba nyumba ina mizimu. Hitchcock anatupa sababu ambayo hata mwenye duka angeielewa: barabara kuu ilihamishwa. Magari yanapita kwingine, na hakuna afikaye pale ila aliyepotea njia.

Sisi wa Machakos twapaswa kuielewa habari hii upesi. Mji wetu ulikuwa makao ya utawala wa Waingereza kabla Nairobi haijawa mji. Reli ya kutoka Mombasa ilipojengwa, ilipita kando yetu, na mwaka 1899 makao ya mkoa yakahamishiwa Nairobi. Lakini Machakos haikufa, maana ilikuwa na watu wake, soko lake na mashamba yake. Nyumba ya Bates haina kitu ila wapita njia. Haina jirani wa kusikia kelele, wala mtu wa kuuliza asubuhi, "Je, yule mgeni wa jana yu wapi?" Basi upweke wa mahali pale si pambo la kutisha watoto, bali ni matokeo ya jambo la kawaida la biashara. Hofu iliyojengwa juu ya sababu ya kweli huwa na nguvu kuliko hofu iliyojengwa juu ya uchawi, kwa sababu mtazamaji hawezi kujifariji kwa kusema kwamba mambo hayo hayawezi kutokea.

Jambo la pili ni ugeni. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Katika kila taifa, aliyekaribishwa usiku wa mvua na kupewa chakula huamini kwamba yu salama, na mwenyeji huona aibu mgeni wake akipatwa na dhara. "Psycho" inaishika imani hiyo na kuivunja. Ndiyo maana yule kijana ameumbwa awe mpole na mwenye haya. Kama mlango ungalifunguliwa na jitu lenye kovu usoni, Marion angaligeuza gari, nasi tungaliondoka pamoja naye.

Tazama pia jinsi majengo yenyewe yanavyosema. Nyumba ya wageni imelala chini, ndefu, ya kawaida kabisa. Nyuma yake, juu ya kilima, imesimama nyumba ya zamani ya familia, ikiichungulia. Katika chumba nyuma ya ofisi mna ndege waliokaushwa, bundi mmoja ametandaza mbawa juu ya kichwa cha mwenyeji. Hakuna aliyetaja kifo bado, lakini kimekwisha kukaa nasi mezani. Hata tendo la kuchagua ufunguo si la bure: mkono wa Norman unasita, kisha unachukua wa chumba namba moja, kilicho jirani na ofisi.

Kisa cha bafuni chenyewe huchukua chini ya dakika moja, lakini kupigwa picha zake kulichukua siku saba. Tunaona vipande vifupi vifupi vilivyounganishwa kwa ustadi, na fidla za Bernard Herrmann zikilia kwa ukali. Jeraha lenyewe halionyeshwi waziwazi. Akili ya mtazamaji ndiyo inayolijaza.

Mwanafunzi anaweza kusema, "Marion aliiba, naye amelipwa." Sikubaliani na hukumu hiyo. Baada ya kuzungumza na Norman, Marion alikwisha kuamua kurudi Phoenix. Tunamwona akipiga hesabu kwenye karatasi, akitoa dola 700 alizotumia kununua gari, ili ajue atakosa kiasi gani. Anauawa akiwa ametubu. Kama sinema ingalitaka kufundisha kwamba wizi hulipwa, ingalimwua njiani, fedha zikiwa zimemtawala moyo. Nazo zile fedha? Mwenyeji hakujua hata kuwapo kwake. Zilikuwa zimefungwa katika gazeti, zikatupwa ndani ya gari na kuzama nalo kinamasini. Uchungu wa hadithi umo hapo: toba imekuja, wala haikuokoa.

Hata hivyo sinema hii ina kasoro. Karibu na mwisho, daktari anasimama na kutueleza kwa maneno mengi ugonjwa wa akili wa mwuaji. Hotuba hiyo inapoza moto uliowashwa kwa saa nzima na zaidi. Tena, yafaa tukumbuke kwamba wagonjwa wa akili walio wengi hawamdhuru mtu. Mtazamaji akitoka na hofu juu ya kila mgonjwa wa namna hiyo, sinema itakuwa imewadhulumu watu wasiokuwa na wa kuwatetea.

Hapa Kenya pia mahali pa wageni pamepata kubeba hadithi nzima. Katika "Kati Kati" ya Mbithi Masya, iliyopata tuzo ya wahakiki mjini Toronto mwaka 2016, mwanamke aitwaye Kaleche anazinduka porini asikumbuke lolote, anafika kwenye nyumba ya wageni, na kuambiwa kwamba amekwisha kufa. Wakazi wake hawawezi kutoka. Pale kwa Bates mgeni huogopa mwenyeji. Pale Kati Kati kila mgeni huogopa yale aliyokuja nayo moyoni. Kazi hizi mbili ni mbali sana kwa nia, lakini zote zinajua kwamba nyumba ya wageni ni mahali pa mtu asiye kwao, na mtu asiye kwao hana kinga ila wema wa wengine.

Basi, mwanafunzi, utakapotazama sinema nyingine ya kutisha, usiridhike na kusema kwamba uliogopa. Jiulize mahali pale pamejengwa kwa sababu gani, nani alipaamini, na imani yake ilivunjwa wapi. Ukikosa majibu, yamkini ulishtuliwa na kelele tu.