Kapu la Krismasi la Chita: hesabu ya maji, joto na safari

Anayeandaa kapu la Krismasi Chita anapambana na maji kabla ya kitu kingine chochote. Desemba mvua zimeshaanza kushuka kwenye miteremko ya Udzungwa, hewa ya bondeni imejaa unyevu, na jua likitoka mchana joto hupita nyuzi 30. Juu ya hayo, kapu lina safari. Litapakiwa kwenye basi kwenda Ifakara, Morogoro au Dar es Salaam, au litapanda treni ya TAZARA kuelekea Makambako na Mbeya, kwa ndugu wanaoishi kwenye baridi. Kashata iliyotoka jikoni ikikatika kwa mlio inaweza kufika imelainika na kunata. Achari inaweza kufika na ukungu juu yake. Ndiyo maana uchambuzi wa kapu la namna hii unaanza na hesabu ya maji: kila chakula kina maji kiasi gani ndani yake, na kitayapata mengine wapi njiani.

Kwa malighafi, bonde la Kilombero, ilipo Chita, limejaliwa. Mchele upo, sukari inatoka viwanda vya Kilombero kule Kidatu, maembe yanaiva msimu huohuo, asali inashuka kutoka kwa wafugaji wa nyuki walio pembezoni mwa milima, karanga na nazi zinapatikana sokoni. Na ipo kokoa. Hoja yangu ni kwamba kokoa ndiyo inayostahili kuwa moyo wa kapu la huku, na kwamba ndiyo yenye ufundi mwingi kuliko vyote. Kwa hiyo nitakaa nayo muda mrefu zaidi.

Kazi inayoanza shambani

Ukitoka Ifakara kwenda Mlimba unapita Mbingu na Mngeta kabla ya kufika Chita. Mbingu ndiko kampuni ya Kokoa Kamili ilikoanza kazi mwaka 2013, ikinunua kokoa mbichi kwa wakulima wadogo, kisha kuivundika na kuikausha yenyewe mahali pamoja. Kokoa hiyo imefika hadi San Francisco, Marekani, ambako watengenezaji wa Dandelion Chocolate wameandika jina la Kokoa Kamili kwenye karatasi ya chokoleti yao.

Kukusanya kokoa mbichi ya wakulima wengi na kuivundika pamoja kuna sababu ya kitaalamu, na sababu hiyo inamhusu hata mwenye jiko la nyumbani. Ladha ya kokoa hujengwa au huharibika katika wiki ya kwanza baada ya tunda kuvunjwa. Mbegu zimefunikwa na ute mweupe wenye sukari. Zikirundikwa kwenye sanduku la mbao na kufunikwa kwa majani ya mgomba, hamira za asili huanza kula sukari ile na kuitoa kama kilevi. Baada ya siku mbili hivi rundo hugeuzwa, hewa inaingia, na bakteria hukibadili kilevi kuwa asidi ya siki. Kazi hiyo hutoa joto linaloweza kufika nyuzi 45 hadi 50. Joto na asidi vikikutana vinaua kiini cha mbegu, na vimeng'enya vilivyomo vinaachiwa huru kuandaa ladha itakayotokea baadaye wakati wa kukaanga. Siku 5 hadi 7 zikipita, ukali na uchungu umepungua na zambarau ya ndani imegeuka kuwa kahawia.

Rundo dogo haliwezi kazi hiyo. Linapoteza joto kwa haraka kuliko linavyolitengeneza, na mbegu hubaki zambarau, chungu, zenye kukausha ulimi. Familia yenye miti michache isijaribu kuvundika matunda kumi ndani ya ndoo. Ama waunganishe mavuno na majirani hadi sanduku lijae, ama watafute kokoa iliyokwisha kuvundikwa vizuri.

Kipimo cha ubora ni kisu. Chukua punje kadhaa kavu, zipasue kwa urefu, uzitazame kwenye mwanga. Kahawia yenye nyufa nyingi ndani ni nzuri. Zambarau haikuvundikwa vya kutosha. Kijivu, iliyoshikana kama jiwe, haikuvundika kabisa. Yenye utando wa ukungu itupwe. Punje kavu inatakiwa kuwa na unyevu wa karibu asilimia 7. Ukizidi 8, ukungu unapata njia. Mkononi, punje iliyokauka huvunjika kwa mlio, na kiganja ukikibana kwenye konzi ya punje unasikia zikisuguana kwa sauti kavu.

Kutoka punje hadi kidonge

Kokoa hukaangwa kwenye sufuria nzito au chungu, moto wa makaa wa wastani, mwiko ukizunguka bila kusimama, kwa dakika 20 hadi 25. Pua ndiyo saa ya kazi hii. Mwanzoni utasikia harufu ya siki, ambayo ni ile asidi iliyobaki ikitoka. Baadaye inageuka kuwa harufu ya mkate unaoiva, na punje zinaanza kupasuka kwa mlio mdogo. Hapo epua. Ukisubiri moshi umechelewa, na uchungu wa kuungua hauondolewi na sukari.

Zikipoa, zipondeponde na uzipepete kwa ungo. Maganda hupeperuka, vipande vizito vinabaki. Kutoka kilo 1 ya punje kavu utabaki na gramu 750 hivi za vipande safi. Karibu nusu ya uzito wa vipande hivyo ni mafuta, na ndiyo maana ukivitwanga vinaanza kuwa unga, kisha vinashikana, kisha vinakuwa uji mzito unaong'aa. Kinu kikiwa na uvuguvugu wa jua kazi inakwenda haraka. Palipo na mashine ndogo ya kusagia siagi ya karanga ni rahisi zaidi, ila isafishwe na kukaushwa kabisa, na anayepokea aambiwe, kwa sababu wapo wanaodhurika na karanga hata kidogo.

Sukari nayo itwangwe iwe laini, ichekechwe, ianikwe ikauke. Hapa maji yanarudi kama adui. Matone machache tu yakiingia kwenye uji wa kokoa, chembe za sukari hushikana na uji wote unaganda kama udongo mkavu. Mwiko, kinu na mikono viwe vikavu. Kwa gramu 750 za kokoa, gramu 500 za sukari zinatosha, pamoja na mdalasini, hiliki au tangawizi kavu iliyosagwa. Viungo vya milima ya Uluguru vinapatikana Morogoro mjini bila shida. Jumla ni kilo 1 na robo. Ukiigawa kwa vidonge vya gramu 25, unapata vidonge 50, yaani zawadi 5 za vidonge 10 kila moja. Kidonge kimoja kinatosha kikombe kimoja cha maziwa ya moto kinachopekechwa kwa upekecho hadi kitoe povu.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini vidonge vya kunywa, wakati watoto wanapenda chokoleti ya kutafuna. Jibu liko kwenye joto. Mafuta ya kokoa, hata yakigandishwa kwa ufundi wa kiwandani, huyeyuka yakikaribia nyuzi 34. Ndani ya basi lililofungwa madirisha kwa sababu ya mvua, joto hilo si la ajabu. Kipande cha chokoleti kitayeyuka, kitaganda tena usiku, na asubuhi kitakuwa na utando mweupe wa mafuta ambao wengi wataudhania ukungu. Kidonge cha kunywa kikipatwa na hayo hakipotezi kitu, kwa kuwa mwisho wake ni kuyeyushwa kikombeni. Mtengenezaji amechagua umbo ambalo hali ya hewa haiwezi kuliharibu, na huo ndio ufundi ninaousifu. Vidonge vimiminwe jioni au alfajiri, wakati wa ubaridi, vilale usiku mzima juu ya karatasi kavu, kisha vifungwe kabla jua halijapanda.

Mchele: koboa kwa kuchelewa

Chita ni nchi ya mpunga. Hata kikosi cha Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kilichopo hapo kinaulima. Lakini mchele wa zawadi una mtego wake. Mpunga wa bonde huvunwa zaidi katikati ya mwaka, na Krismasi inaukuta umekaa miezi. Kukaa huko kuna faida: mchele uliokaa hupikika kwa kuachana punje, na pilau inapendeza. Hasara yake ni harufu. Ile harufu ya mbegu ya Supa huendelea kupungua kadiri mchele unavyokaa, hasa ukishakobolewa.

Dawa ni kuutunza ukiwa mpunga, umekauka hadi unyevu wa asilimia 14 au chini yake, na kuupeleka mashineni katikati ya Desemba. Ganda linaihifadhi punje na kuchelewesha wadudu. Wakati wa kuanika, jua kali la ghafla huipasua punje, na umande wa usiku ukiirudia huipasua zaidi. Kinachotoka mashineni ni chenga. Anika kwa tabaka jembamba, geuza mara kwa mara, funika jioni. Asiye na Supa anaweza kufunga SARO 5, mbegu iliyotoka kituo cha utafiti wa kilimo cha Ifakara, yenye mavuno mengi na harufu ya wastani.

Vinavyosindikiza

Achari ya embe inalindwa na vitu vitatu: uchachu, chumvi na mafuta. Tumia embe bichi, kwa kuwa likianza kuiva uchachu unapungua. Kwa kilo 1 ya vipande weka gramu 100 za chumvi, acha usiku mzima, mwaga maji yaliyotoka, anika hadi vipande vinywee. Kisha viungo, siki au ndimu, na mafuta yaliyochemshwa yakapoa, yakifunika kila kipande. Chupa ichemshwe na ikauke kabisa. Kitunguu saumu kibichi kisizamishwe kwenye mafuta moja kwa moja. Kiloweke kwanza kwenye siki, maana ndani ya mafuta yasiyo na uchachu bakteria hatari sana hupata mahali pa kukua.

Asali nzuri ina maji yasiyozidi asilimia 20. Ikizidi, inaanza kuchachuka na kutoa povu. Usalama wake uko mzingani: ivunwe kwenye masega yaliyozibwa na nyuki wenyewe, na isiachwe wazi, kwani asali hunyonya unyevu wa hewa. Kwenye lebo andika kwamba mtoto wa chini ya mwaka 1 asipewe.

Kashata za karanga ziwe za mwisho kupikwa. Sukari ifike kiwango ambacho tone lake kwenye maji baridi linavunjika kwa mlio. Zikishapoa tu, zifungwe saa hiyohiyo. Kashata za nazi mbichi zina maji mengi, kwa hiyo zigawiwe kwa majirani na zisiwekwe kwenye kapu la safari. Karanga zichambuliwe moja moja, na zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitupwe. Kukaanga hakuondoi sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, na taifa hili linajua uzito wake: mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara.

Kufunga

Kikapu cha ukindu ni chaguo sahihi, na tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku 1 Juni 2019 kimepata nafasi yake tena. Kina tabia moja ya kuzingatiwa: kinapumua. Hewa yenye unyevu inapita, kwa hiyo kila kilicho kikavu kiwe na chombo chake chenye mfuniko wa kubana. Mchele ukae chini kwa uzito wake, chupa za achari na asali zisimame katikati zikiwa zimebanwa kwa kanga au vitenge ambavyo navyo ni zawadi, vidonge na kashata vikae juu. Kila chombo kiandikwe kilichomo, tarehe ya kutengenezwa na namna ya kutumia.

Ratiba inafuata hesabu ileile ya maji. Achari itangulie mwishoni mwa Novemba, kwa kuwa inahitaji muda ili viungo viingie. Kokoa ikaangwe wiki ya kwanza ya Desemba. Mchele ukobolewe katikati ya mwezi. Kashata zisubiri siku mbili au tatu kabla ya safari. Keki na maandazi viachwe kwa watakaokuwa mezani siku yenyewe.

Kazi hii ina faida inayozidi sikukuu. Mkulima aliyepasua punje zake kwa kisu, akazikaanga na kuonja kikombe chake mwenyewe, ameelewa kwa ulimi kwa nini mnunuzi anakataa punje za zambarau na ukungu. Hawezi tena kuambiwa tu kwamba mzigo wake ni mbaya. Anaweza kuupima kabla haujafika mizani na kudai bei inayolingana na ubora. Natamani kila nyumba yenye mikokoa, kuanzia Mbingu hadi Mlimba, itenge kilo moja tu kila Desemba kwa ajili ya kapu. Kokoa ambayo dunia inaisifu ianze kujulikana ladha yake na watu wanaoilima, na wao wawe wa kwanza kuitoa zawadi.