Kutoweka kwa Wagumba: Hitimisho la Kisasili na Suala la Ardhi

Katika Warhammer, mchezo wa vita wa mezani uliotolewa Uingereza mwaka 1983, jamii ya kubuni ya msitu wa Athel Loren huulinda msitu wake kwa mishale. Wagumba wa fasihi simulizi ya Wagikuyu hawapewi nafasi hiyo. Jomo Kenyatta, katika *Facing Mount Kenya* (1938), anawataja kuwa watu wafupi walioishi katika mapango, kisha wakatoweka.

Ni rahisi kulichukulia hitimisho hili kuwa kipengele cha ajabu tu. Hata hivyo, katika masimulizi ya Waathi, wawindaji wa msituni wanaosemekana kuwauzia Wagikuyu ardhi ya Kiambu, Mwathi ana sauti na bei. Mgumba hana hata neno la kuagia. Kisasili humwondoa mwenyeji ili suala la idhini lisizuke.

Hadhira ya Kalimoni, baina ya Ruiru na Thika, ina sababu ya kulizua. Karibu nayo, huko Juja, mlowezi William Northrup McMillan alijipatia shamba kubwa mwanzoni mwa karne ya 20, enzi ambayo ardhi iliyodaiwa kuwa tupu iligawiwa walowezi. Utupu huo, katika kisasili na katika hati vilevile, ulitungwa.