Picha Nyeusi na Nyeupe za Salgado

Marehemu Sebastião Salgado, mpiga picha wa Brazil aliyefariki Mei 2025, aliacha uchumi mwaka 1973 akashika kamera, na sifa yake aliijenga kwa picha nyeusi na nyeupe. Sisi wa Nyakiriba, karibu na Gisenyi, zinatugusa kwa namna ya pekee. Mwaka 1991 aliwapiga picha wachumaji chai wa Rwanda. Mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, aliwapiga wakimbizi waliojaa Goma, ng'ambo ya mpaka wetu.

Ustadi wake hauna shaka. Rangi zikiondolewa, jicho hutua juu ya mikono, nyuso na moshi. Lakini tunayo lawama moja. Mwandishi Susan Sontag alisema mwaka 2003 kuwa maelezo ya picha zake za wahamaji hayataji majina ya watu. Twakubaliana naye. Asiye na jina haulizwi alitenda nini wala alitendwa nini. Katika umati wa Goma mwuaji na mtoto mchanga huonekana sawa. Mwalimu azionyeshaye darasani hana budi kuyasema yale ambayo picha imeyanyamazia.