Hali, Awamu au Fazi? Uhakiki wa Istilahi za Mchoro wa Aloi ya Bati na Risasi

Istilahi za sayansi katika Kiswahili huhakikiwa kwa vigezo vya usahihi wa kisarufi, ufupi na kukubalika kwa watumiaji. Kigezo kinachosahauliwa ni iwapo istilahi inahimili hesabu za taaluma inayoitumikia. Pengo hilo hudhihirika katika mchoro unaoonyesha jinsi aloi ya bati na risasi, yaani lehemu ya mafundi, inavyobadilika kulingana na halijoto na uwiano wa metali hizo.

Risasi tupu huyeyuka katika nyuzijoto 327 za Selsiasi, na bati katika 232. Zikichanganywa kwa takriban asilimia 62 ya bati na 38 ya risasi, huyeyuka katika nyuzijoto 183. Katika nukta hiyo huwapo pamoja sehemu tatu: kimiminika, yabisi iliyosheheni risasi na yabisi iliyosheheni bati. Kila sehemu ina muundo wake na mpaka wake.

Neno "hali", lililozoeleka darasani kwa yabisi, kimiminika na gesi, huziona mbili tu. Hapo ndipo kosa linapoanza. Kwa kanuni ya Gibbs, kanieneo isipobadilika, idadi ya vigezo vilivyo huru ni idadi ya metali, kutoa idadi ya sehemu hizo, kuongeza moja. Hesabu sahihi ni 2 − 3 + 1, yaani sifuri: halijoto haibadiliki hadi sehemu mojawapo itoweke. Anayehesabu "hali" hupata 2 − 2 + 1, akahitimisha kuwa halijoto i huru. Kanuni anaijua, kinachomponza ni istilahi.

"Awamu" nayo hudokeza vipindi vinavyofuatana, kama awamu za uongozi, ilhali sehemu hizo tatu huwapo kwa wakati mmoja.

Mkopo "fazi" hauna mvuto wa neno lililozoeleka, lakini haubebi maana ya kupotosha, na huingia bila taabu katika ngeli ya I-ZI. Kuukataa kwa ugeni wake tu ni kusahau kwamba "hali" yenyewe ilitoka Kiarabu.

Watunga sera wanaokusudia Kiswahili kibebe elimu ya ufundi hawana budi kudai jaribio moja kabla ya istilahi kusanifiwa: itumike kwanza kutatua swali halisi la taaluma husika, na jibu lake lilinganishwe na linalopatikana maabarani.