Msichana, Wino na Kipimo: Mhusika Anayekosekana katika Riwaya ya Kiswahili

Katika Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, mama mgonjwa anamwita binti yake amkaribie, naye aje na wino na karatasi. Wahakiki wengi hupita upesi mahali hapo ili wafikie mawaidha yenyewe: ibada, adabu, utii kwa mume. Hata hivyo jambo hilo dogo lina uzito. Mmoja wa wasichana wa kale wanaojulikana katika fasihi ya Kiswahili anaingia akiwa na vifaa vya kazi mkononi. Baada ya hapo utendi hausimulii tena vifaa hivyo vilitumikaje, unaagiza tu.

Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 1971, Euphrase Kezilahabi alitoa Rosa Mistika. Rosa ni msichana wa Ukerewe, anafika shule ya sekondari, kisha chuo cha ualimu. Mwandishi hakukusudia kuwatisha wasichana wasiende shule. Lawama yake kubwa inamwangukia Zakaria, baba mlevi na mkali, ambaye malezi yake yalimfungia binti hata asijue namna ya kuishi na wanaume. Riwaya hii ni ya kijasiri, na kupigwa kwake marufuku shuleni kwa muda hakukuipunguzia thamani. Lakini msomaji ajiulize: ni nini anachokumbuka baada ya kuifunga? Barua, fimbo ya baba, mabwana wa chuoni, kifo. Masomo yenyewe hupita kama miti kando ya reli. Shule ni mahali ambapo msichana anaharibika au anaokoka. Si mahali ambapo anajifunza kitu fulani, akakosea, akakielewa.

Katika Utengano (1980) wa Said Ahmed Mohamed hali haiko mbali. Maimuna anafungiwa nyumbani na baba yake Maksuudi, anatoroka, anaangukia maisha ya baa. Hapa elimu ni kitu alichonyimwa. Basi vitabu viwili vikubwa, na katika vyote viwili kazi ya akili ya msichana haionekani ikitendeka.

Hasara yake inaonekana wazi katika Katanga, ambako Kiswahili ni lugha ya migodi. Katika kambi za Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, wavulana walifundishwa ufundi, na wanawake walipelekwa katika vituo vilivyoitwa foyers sociaux, wakajifunza kushona, kupika na kutunza nyumba. Kampuni hiyo haipo tena kwa jina hilo, lakini mgawanyo ule haukuondoka pamoja nayo. Msichana wa leo, akiwa bado kijana mdogo, anatakiwa kuchagua sehemu ya masomo: hisabati na fizikia, au ualimu, au ushonaji. Wazazi wanamshauri, walimu wanamshauri. Vitabu anavyosomeshwa navyo vinamshauri kimyakimya.

Siku hizi hotuba za kumhimiza ajiunge na sayansi hazikosekani. Tatizo la hotuba hizo ni la kisarufi kabla halijawa la kitu kingine. Zimejaa vitenzi vyenye kiishio -e: asome, asiogope. Ni usemi uleule wa mawaidha ya kale, isipokuwa mume ameondolewa, maabara ikawekwa. Kitenzi cha namna hii hakionyeshi tendo lililotendeka; kinaonyesha tendo linalotakiwa na mwingine. Kinachokosekana ni -li- na -ka- za msimulizi: alipima, akakosea, akapima tena.

Wala lugha yenyewe haina kizuizi. Kifaransa hubishania umbo la kike la ingénieur. Kiswahili hakina haja ya ubishi huo. Mhandisi ni mhandisi, fundi ni fundi, na katika neno mwanasayansi, mwana ni mtoto wa kiume au wa kike. Bado watu husema «mhandisi mwanamke», kama kwamba nomino ya kwanza ilikuwa na jinsia. Jinsia hiyo haikutoka katika ngeli. Imetoka katika hadithi.

Na hadithi nyingine zipo, ila bado zinangoja msimulizi. Sandrine Mubenga, mzaliwa wa Kinshasa, aliugua akiwa na umri wa miaka 17. Upasuaji wake ulicheleweshwa kwa sababu hospitali haikuwa na umeme. Akasomea uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Toledo, Marekani, akawa mwalimu hapohapo, na mwaka 2018 akaanzisha STEM DRC Initiative ili kuwasaidia wanafunzi wa Kongo. Habari zake huandikwa zaidi kwa Kifaransa na Kiingereza. Thérèse Izay Kirongozi, mhandisi aliyesoma Kinshasa, ndiye aliyebuni roboti za alumini zilizosimamishwa katika njia panda za mji huo mwaka 2013 kuongoza magari, zikipata nguvu kutoka kwa jua. Magazeti yalisifu roboti, yakamsifu na mbunifu kwa maneno kama shujaa na hodari, ambayo hayamfundishi msichana lolote juu ya kazi.

Mwandishi wa riwaya angeuliza mengine. Nani alikata alumini? Mkono wa roboti ulikataa kugeuka mara ngapi? Mvua ya kwanza ilipoingia penye nyaya, nani alilaumiwa, na usiku ule mhandisi alifungua nini kwanza?